Maneno ya Wapandao Majabali huko Hell's Gate

Msafiri atokaye Naivasha, akilizunguka ziwa kwa upande wa kusini, hufika Hell's Gate, ndiyo Lango la Jahanamu. Ni bonde lenye kuta ndefu za mawe, makao ya punda milia na nyati, nalo ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1984. Humo limesimama jabali moja la pekee, mfano wa nguzo, kimo chake yapata meta 25. Huitwa Fischer's Tower, kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883. Ni mawe ya volkeno yaliyoganda, na vilivyolizunguka vikaliwa na maji na upepo. Wanafunzi wengi wa kupanda majabali huanzia hapo.

Kabla ya mikono na miguu, hufundishwa ulimi. Mwanafunzi huvaa kofia ngumu, na mkanda unaomshika kiuno na mapaja, akafungwa kamba kwa fundo la nane. Kamba hiyo hupanda hadi kileleni, ikapita katika nanga, ikarudi chini mikononi mwa mwenzake. Nanga hii si ya jahazi, ingawa kazi ni moja: ni vyuma vilivyokazwa mwambani, vikatiwa karabina, yaani pete ya chuma yenye mlango. Yule wa chini ni mshika kamba, naye ndiye aliyeshika roho ya mwenziwe.

Upepo huvuma na kuta hurudisha sauti, basi maneno yao hayana budi kuwa mafupi. "Tayari?" huuliza mpandaji, wala hainui mguu mpaka aitikiwe. "Legeza" ni kuongezewa kamba. "Kaza" ni kuvutiwa. Likisikika "Jiwe!" hapana kutazama juu, ni kujibanza ukutani upesi.

Lakini neno la kuogopwa ni "Salama." Kwa desturi ya wapandaji wa Kiingereza, asemaye juu kwamba yu salama amekwisha kujifunga mwenyewe katika nanga, na kamba yaweza kuachiwa. Mswahili naye, akiulizwa hali, hujibu "Salama" hata kama ana homa! Mshika kamba akisikia hivyo akaachia, na mpandaji akaegemea nyuma akidhani atateremshwa, hakuna kitakachomzuia mpaka chini. Kwa hiyo wenye busara hupatana kwanza, wakiwa bado wamekanyaga ardhi: aliyejifunga aseme "Niachie," na atakaye kushuka aseme "Teremsha," kisha angoje mpaka aone kamba imemkaza kiunoni.