Pesa ya Viazi: Majira ya Baridi katika Shamba la Wanachama, Maine

Katika mji wa Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, ratiba ya swala ya mwezi wa Desemba inatosha kumweleza mgeni amefika wapi. Jua huchomoza saa moja na dakika chache za asubuhi na kuzama saa kumi na dakika chache za alasiri. Adhuhuri huingia saa sita kasoro dakika ishirini, Alasiri kabla ya saa nane, na Magharibi huadhiniwa wakati ambao sisi wa Tanga ndiyo kwanza tunatoka kuswali Alasiri. Saa kumi na mbili jioni haijafika, Isha nayo imekwisha kuingia. Mchana mzima hautimii saa tisa, na mfugaji au mkulima hana budi kuzipenyeza kazi zake katikati ya swala tatu zilizobanana, huku nje kila kitu kimelala chini ya theluji.

Nilikwenda huko kwa mwezi mmoja na nusu kumzuru dada yangu, binti wa mama mkubwa, ambaye mumewe ni Mzigua aliyezaliwa Somalia. Msomaji asistaajabu. Katika karne ya 19 Wazigua, pamoja na Wayao, Wamakua, Wazaramo na wengineo, walisafirishwa utumwani kutoka pwani yetu hadi Somalia. Waliojikomboa walijenga vijiji vyao katika bonde la mto Juba, wakalima mahindi, na Kizigua kikabaki vinywani mwa wajukuu zao. Vita vya mwaka 1991 viliwatoa huko wakakimbilia kambi za Kenya. Baadhi yao walirejea katika nchi ya mababu, na leo wako Chogo, wilayani Handeni, wakiwa raia wa Tanzania. Wengine, zaidi ya 10,000, walipokewa na Marekani kuanzia mwaka 2003, na sehemu yao wakakusanyika Lewiston, mji wa viwanda vya nguo vya zamani kandoni mwa mto Androscoggin. Shemeji alikuja Handeni kuwatafuta jamaa zake, akarudi Maine na mke.

Shamba lao ni la ekari sita za kukodi, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka mjini. Wanaishi hapo watu saba: shemeji, dada, watoto wanne, na mama yake shemeji ambaye sote tulimwita Bibi. Wana mbuzi kumi na wawili, kuku, na vitalu nyumba viwili vya plastiki. Ardhi hii ndogo isingeweza kuwalisha kwa njia ya kupeleka mazao sokoni na kungoja bei. Inawalisha kwa sababu ni shamba la wanachama. Familia arobaini za mjini na vijijini humo, wengi wao si Waislamu, walimu, wauguzi, wastaafu, hulipa fungu lao la mwaka mwishoni mwa majira ya baridi, wakati ambapo shambani hakuna hata jani. Kwa pesa hiyo mkulima hununua mbegu na mbolea, kisha kila wiki, kuanzia Juni, kila familia hupokea kikapu cha kilichojaaliwa kupatikana. Waliolipia na fungu la baridi huendelea kupokea mara mbili kwa mwezi hadi Februari.

Utaratibu huu Marekani ulianza mwaka 1986 katika mashamba mawili, Indian Line Farm la Massachusetts na Temple-Wilton la New Hampshire. Wajapani walikuwa wameutangulia kwa miaka kama kumi na tano, pale akina mama waliohofia sumu katika chakula cha watoto wao walipoanza kufunga mapatano na wakulima moja kwa moja. Nilipokuwa nikielezwa haya nilikumbuka machungwa ya Muheza yanayonunuliwa yangali maua juu ya mti, na kahawa ya Kagera inayouzwa kwa butura. Huko kwetu pia pesa hutangulia mavuno, lakini mwenye pesa humkuta mkulima katika dhiki ya ada ya shule au ugonjwa, akampa robo ya thamani. Kule Maine walaji hutanguliza bei kamili, na hutia saini kwamba shamba likipata msiba, msiba ni wao pia. Kanzu moja, na waliovaa ni watu wawili tofauti kabisa.

Majira ya baridi nilidhani ni ya kulala. La. Kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi mwanzoni mwa Februari mchana hupungua chini ya saa kumi, na mimea hukoma kukua karibu kabisa, lakini haifi ikiwa imehifadhiwa. Ndani ya kitalu nyumba kisicho na moto wowote niliona spinachi imeganda alfajiri kama kioo, majani yakilia ukiyagusa. Shemeji alinizuia nisichume. Ilipofika Adhuhuri, jua limepiga plastiki, majani yalikuwa yamenyooka na kulainika, ndipo tukachuma. Karoti zilizobaki ardhini chini ya nyasi kavu huwa tamu kuliko za kiangazi, kwani mmea hugeuza wanga kuwa sukari ili usigande. Watoto huzila shambani bila kuosha, mama yao asipoangalia. Chini ya nyumba kuna ghala la udongo ambamo hakuna joto wala barafu, na humo hukaa karoti, kabichi na bitiruti hadi machipuko. Maboga na vitunguu hukaa juu, pakavu. Vitunguu saumu vilikwishapandwa Oktoba, na vinangoja chini ya theluji hadi vitakapochimbwa Julai.

Kazi nzito ni maji. Ndoo za mbuzi huganda kila baada ya saa chache, na mtoto wa kwanza, wa miaka kumi na minne, huamka kabla ya Alfajiri kuvunja barafu kwa nyundo. Kuku hupunguza kutaga kwa uchache wa mwanga. Kuni huingizwa, njia hufukuliwa kwa koleo, ikishafukuliwa theluji huanguka tena.

Hapa naomba niseme neno la kichuoni. Mlango wa kupaka maji juu ya khofu mbili tuliusoma kwa haraka, kwa kuwa hakuna mtu wa Tanga anayevaa khofu. Pale shambani mtoto wa miaka tisa aliniorodheshea masharti yake kama anayetaja majina ya ndugu zake: zivaliwe baada ya tohara kamili, zifunike vifundo, ziweze kutembelewa, mkazi siku moja na usiku wake, msafiri siku tatu. Anayajua kwa kuwa kila asubuhi anayahitaji. Rukhsa ambayo kwetu ni mistari ya kitabu, kwake ni miguu isiyopasuka.

Jioni ni ndefu, na ndiyo shule ya nyumba hiyo. Baada ya Magharibi wote hukaa karibu na jiko la kuni, Qur'ani kwanza, kisha kupukuchua mahindi waliyoyakausha. Mbegu za mwaka ujao Bibi huchagua mwenyewe na kuzitundika jikoni, mbali na mikono ya wajukuu. Usiku mmoja mtoto wa pili alilalamika kwamba ni siku ya saba wanakula kabichi. Baba yake akataka kumkemea, Bibi akamtangulia. Hakumkemea. Alimweleza jinsi alivyokuwa akipanga foleni kambini na kadi yake ya chakula, unga ukipimwa kwa kilo na gramu. "Kule kipimo kilikuwa sawasawa," alisema, "lakini aliyetupa hatukumjua, naye hakutujua. Hii kabichi namjua aliyeilipia kabla haijaota." Kijana akaendelea kula, uso ungali umekunjamana. Shukrani haikumwingia usiku ule, nami nasema hakuna haja ya kumdanganya msomaji kuwa iliingia.

Lakini nilichokwenda kukiona bila kujua kilikuwa ni jambo la viazi. Kiangazi kilichopita mvua zilizidi, ukungu ukaingia shambani, na viazi vya mbatata vikaoza karibu vyote. Fungu la baridi liliahidi viazi. Vikapu vya Desemba vikatoka bila viazi, na hakuna mwanachama aliyeuliza. Ukimya huo ndio uliomkosesha shemeji usingizi. Siku ya tatu tangu kufika kwangu alinikalisha ghalani juu ya kreti tupu, akasema, "Shemeji, wewe umesoma. Pesa ya viazi ni yangu au si yangu?"

Alikuwa na hadithi moja moyoni, aliyoisikia kwa maalimu wake kambini. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake, na akahoji, iwapo Mwenyezi Mungu atayazuia matunda hayo, mtu anahalalisha kwa lipi kuichukua mali ya ndugu yake. Nilimjibu kwamba hukumu inategemea ni mkataba gani aliofunga. Ikiwa aliuza viazi vya shamba lile kabla havijaota, basi hadithi inamhusu waziwazi. Ikiwa ni mauzo ya salam, yaani bei ikatangulia kwa bidhaa iliyoelezwa kwa sifa, uzito na muda maalumu, hiyo inajuzu, lakini bidhaa ni deni shingoni mwake, shamba liote lisiote, na ataitafuta kwingine au atarudisha bei. Na ikiwa wale arobaini ni washirika wake katika kilimo, basi hasara ni ya wote.

Tukaitoa karatasi ya mkataba. Ilinakiliwa kutoka shamba jingine na ilisema kwa ndimi mbili. Juu iliandikwa kwamba mwanachama anashiriki katika heri na shari ya shamba. Chini, kwa mkono wa shemeji mwenyewe, iliandikwa kilo 30 za viazi kwa kila fungu. Nilimwambia kwamba radhi ya wanachama, wakiitoa kwa kujua haki yao, inamtosha. Akasema radhi ya mtu asiyejua kuwa anadai si radhi. Hapo sikuwa na la kuongeza.

Thamani ya viazi ilikuwa dola 60 kwa fungu, jumla dola 2,400. Kiasi hicho walikuwa nacho, katika bahasha iliyoandikwa jina la mama mkubwa. Ilikuwa nauli ya dada na watoto wawili kuja Tanga, baada ya miaka saba. Mama mkubwa hana afya, na dada anajua, kwa kuwa mimi ndiye niliyempelekea habari. Usiku ule alikaa na daftari lake mezani hadi moto ukazimika. Asubuhi alimwambia mumewe aandike barua, na aandike wazi, isiwe barua ya kumtia mtu haya akashindwa kudai.

Barua ilieleza kwa Kiingereza chepesi kwamba viazi viliahidiwa kwa uzito, havikutolewa, na kila mwanachama ana haki ya kurudishiwa dola 60. Atakayetaka aseme, asiyetaka aseme pia, na mkulima hatawatofautisha. Mkutano wa wanachama wa Januari ulifanyika katika ukumbi wa shule. Walikuja na watoto wao na vyungu vya supu. Sikuona mtu akilia wala hotuba. Mzee mmoja aliuliza mbegu gani ya viazi inastahimili ukungu, wakazungumza hilo kwa nusu saa. Kisha karatasi zikapita. Thelathini na mmoja walisamehe, tisa wakachukua. Miongoni mwa tisa alikuwemo mama mmoja mtu mzima aliyesema mbele ya wote kwamba gharama ya kupasha nyumba joto imemshinda, na kwamba amefurahi kuulizwa. Shemeji alimhesabia noti zake na kumshukuru. Njiani nilimuuliza, akaniambia kwamba tisa wamempunguzia deni na thelathini na mmoja wamempa zawadi, na hajui ni yupi amshukuru zaidi. Sisi tulizoea kufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mola wake, lakini mara nyingi tunafikiria watu waliotupa. Mimi sikuwahi kumsikia mtu akimshukuru aliyechukua haki yake.

Mahindi yao hayakufikia nisabu ya wasaki tano, takriban kilo 650, hivyo zaka haikuwalazimu. Hata hivyo walipeleka magunia mawili kwenye msikiti wa mjini, na spinachi iliyochumwa siku hiyo hiyo.

Mkataba wa mwaka huu tuliuandika upya, shemeji, dada nami, kwa jioni nne. Una sehemu mbili. Viazi, vitunguu na karoti vimewekwa kwa uzito na tarehe, na vikikosekana mkulima atavinunua kwingine au atarudisha bei. Mboga za majani, matango na nyanya ni ushirika: mwanachama analipia kazi na mbegu, na atapata fungu lake la kilichopatikana, kingi au kichache. Dada aliongeza mstari wa mwisho kwa mkono wake, kwamba asiyeweza kulipa kwa mara moja alipe kwa miezi.

Bahasha ilitoka dola 540. Safari ya Tanga imesogezwa hadi vitunguu saumu vichimbwe. Nilipoondoka, kati ya mafungu arobaini, thelathini na manne yalikwishalipiwa, na mama yule mtu mzima alikuwa amechukua nusu fungu.