Usiukate Kichwa

Watu wakisikia napogoa miti huku Buffalo, Marekani, wanacheka. Ati kijana wa kidato cha nne kutoka Kasulu, anayeota kuandika riwaya, anashinda mtini kama kima! Sawa, wacheke. Mshahara huo ndio unaoninunulia karatasi, na miti hii ina hadithi nyingi kuliko watu wengine ninaowajua.

Chukua usiku wa tarehe 12 Oktoba 2006. Mimi nilikuwa mtoto, theluji sijaiona hata kwenye picha. Hapa ilianguka ya zaidi ya sentimita 50, nzito, imejaa maji, na miti bado ina majani yake. Kila jani likapokea theluji, matawi yakabeba mzigo ambao hayakuumbiwa. Wakongwe wa kazi yetu wanasema hawakulala, matawi yakilia pa! pa! kama bunduki. Kulipokucha, nyaya za umeme chini, maelfu ya nyumba gizani.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Wako wenye nyumba waliotaka miti yao ikatwe kichwa, wakidhani isipokuwa na matawi haitavunjika tena. Wapi! Mti uliokatwa kichwa huchipuza kwa pupa kama mtu mwenye njaa. Machipukizi yale hurefuka upesi, lakini yameshika juujuu tu, karibu na gome, na chini yake kigogo kinaoza. Theluji nyingine ikija, hayo ndiyo ya kwanza kuanguka. Nimekata mengi ya namna hiyo. Ndani unakuta unga mweusi unaonuka uyoga.

"Mwanangu, mti hauponi kidonda," huniambia mzee wa Uvira ninayefanya naye kazi. "Unakifungia ndani, unaendelea kukua." Si maneno ya uzee tu. Ndivyo alivyofundisha Alex Shigo, Mmarekani aliyepasua miti mingi ajabu kuchungulia ndani yake, akafariki Oktoba hiyohiyo ya 2006. Basi sisi jeraha hatulipaki rangi. Tunakata kwanza kidogo kutoka chini, mbali na shina, kisha kutoka juu, ili tawi lidondoke bila kuchuna gome. Mwisho tunaondoa kipande kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe ulio tawi linapoungana na shina. Tunauita kola. Ukiikata kola, umeuibia mti dawa yake.

Machi hii tuliitwa kwa bibi mmoja mjane. Mbele ya nyumba ana mti wa mepo, ule wenye jani la bendera ya Kanada, aliupanda marehemu mumewe. Theluji ilikuwa imepasua tawi moja kubwa juu ya paa. Mwanawe akataka mti wote ukatwe kichwa, analipa taslimu, mara mbili. Bosi akatutazama. Kodi yangu ya nyumba ilikuwa imechelewa siku tisa.

"Kwa kazi hiyo watafute wengine," alisema mzee.

Bibi akanigeukia mimi. Nikamwambia: tuondoe lililopasuka na lile kavu la nyuma, basi. Mti mzee unakula kwa majani. Ukiuvua hata robo ya majani yake, umeudhulumu. Mwanawe akaingia garini, akaubamiza mlango.

Tulilipwa nusu siku. Tulipokuwa tukipakia vipande, bibi akaomba kimoja, akakifuta vumbi kwa aproni, akaingia nacho jikoni.