Gondo, Kijiji cha Njiani

Watu wengi wakitaka kujua ukubwa wa mahali huuliza kwanza hesabu ya wakazi wake. Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Mimi hupenda kuongeza la pili: mahali hapo pamewafaa watu wangapi wasiokaa hapo? Kisima cha njiani chaweza kuwa na mwenyewe mmoja, na wasafiri elfu wakakishukuru. Kwa swali la kwanza, kijiji cha Gondo katika Milima ya Alpi ni kitu kidogo sana. Wakazi wake hawatimii mia moja. Kwa swali la pili ni kijiji kikubwa. Nia yangu katika insha hii ni kuonyesha ukubwa huo, kisha kuuliza kama ulistahili gharama iliyolipwa ili kijiji kisitoweke.

Gondo ni kijiji cha Uswisi, katika jimbo la Valais, nacho kipo mpakani kabisa mwa Italia. Kimekaa ndani ya korongo jembamba, kuta za mwamba zikiwa mkono wa kuume na mkono wa kushoto, na mto Doveria ukinguruma katikati. Kimo chake kutoka usawa wa bahari ni mita 855 hivi. Lakini mtu wa Gondo akitaka kwenda Brig, mji wa Uswisi ulio upande wa pili wa milima, hana budi kupanda mpaka kwenye pengo la mlima liitwalo Simplon, lenye kimo cha mita 2,005, kisha ashuke ng'ambo ya pili. Akitaka kwenda Italia, hutelemka tu pamoja na mto. Hapo ndipo penye kitendawili cha maisha ya kijiji hiki: nchi yake mwenyewe iko nyuma ya mlima, na nchi ya kigeni iko mlangoni. Maji yake yaenda Italia, sheria zake zatoka Uswisi. Lugha ya wazee wake ni Kijerumani cha milimani. Lugha ya jirani wa bondeni ni Kiitaliano.

Korongo kama hilo haliwezi kulisha watu wengi. Ardhi ya kulima ni haba, miteremko ni mikali, na majira ya baridi ni marefu. Kilichowalisha watu ni njia. Tangu zamani wafanyabiashara walipita hapo na nyumbu wao, wakichukua chumvi, nguo na jibini kati ya nchi za kaskazini na nchi za kusini. Katika karne ya 17 aliondokea mtu mmoja wa Brig, jina lake Kaspar Jodok von Stockalper, aliyezaliwa mwaka 1609 na kufa mwaka 1691. Huyu alitambua kwamba mwenye njia ni mwenye mali. Aliitengeneza njia ya nyumbu ya Simplon, akaishika biashara ya chumvi, akatajirika mno. Huko Gondo alijenga mnara mkubwa wa mawe uwe ghala ya bidhaa na malazi ya wasafiri. Utajiri ukamzalia maadui, wakamwangusha, naye akakimbilia Domodossola, upande wa Italia, akakaa huko miaka kadhaa kabla ya kurudi kwao. Mnara wake ulibaki. Wenye fahari hupita. Kazi njema ya mikono hubaki ikitumiwa na watu ambao hata jina la mjenzi hawalijui.

Baada ya mfanyabiashara akaja askari. Mwaka 1800 Napoleon aliamuru ijengwe barabara ya kupitisha mizinga juu ya Simplon, na kazi ikamalizika mwaka 1805. Mhandisi mkuu alikuwa Nicolas Céard. Mahali pagumu kuliko pote palikuwa lile korongo la Gondo, ambapo mwamba haukuacha nafasi hata ya mguu wa binadamu. Ikabidi kuutoboa mwamba wenyewe, na katika tundu hilo wakachonga maandishi ya Kilatini yanayosema kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa fedha ya Italia, katika mwaka 1805, chini ya mfalme mkuu Napoleon. Maandishi hayakuwataja vibarua waliotoboa. Barabara ilikusudiwa kwa vita, lakini vita vilikwisha, na magari ya farasi yaliyochukua barua na abiria yakairithi.

Hapa yafaa tutazame jambo moja ambalo ramani hulificha. Twadhani mpaka ni kitu imara kama mlima, kumbe ni kama nguo: huvuliwa na kuvaliwa. Bonde la Ossola, lililo chini ya Gondo, lilikuwa sehemu ya dola ya Milano. Mwaka 1743 likapewa watawala wa Savoy. Baadaye likawa la Napoleon, kisha la ufalme wa Sardinia, na mwaka 1861 likawa la ufalme mpya wa Italia. Upande wa Gondo nao haukutulia. Valais ilifanywa jamhuri ya peke yake mwaka 1802. Ikamezwa na Ufaransa mwaka 1810. Ikaingia katika Uswisi mwaka 1815. Katika miaka hiyo yote Gondo haikusogea hata hatua moja. Mto ulikuwa ule ule na mlima ule ule, bali bendera zilibadilika.

Kijiji kilipata pia kuota ndoto ya utajiri. Katika bonde dogo la Zwischbergen, lililo kando yake, miamba ina dhahabu, na Stockalper mwenyewe aliichimba. Mwishoni mwa karne ya 19 wageni wenye mitaji walikuja kuichimba kwa mashine, wakajenga majumba kazini, na watu wakatazamia neema. Lakini dhahabu ilikuwa chache na gharama nyingi, na mwaka 1897 kampuni ikafilisika. Majumba yakaachiwa mvua na miti. Jambo la ajabu ni kwamba, zaidi ya miaka 100 baadaye, katika mwaka 2017, walikuja wachimbaji wa namna nyingine: watu wenye mashine za kompyuta zitengenezazo sarafu za kidijitali. Hao hawakuvutwa na mwamba, bali na umeme wa bei nafuu utokao katika maji ya mlimani. Hivyo maji, ambayo hakuna aliyeyaimba, yaligeuka kuwa hazina kuliko dhahabu iliyosifiwa.

Pigo la kwanza la kijiji halikuwa la mvua wala la theluji. Lilikuwa la maendeleo. Mwaka 1898 ilianza kuchimbwa njia ya reli chini ya milima, nayo ikafunguliwa mwaka 1906. Handaki hilo lina urefu wa karibu kilomita 20, na kwa miaka mingi lilikuwa refu kupita mahandaki yote ya reli duniani. Garimoshi huingia karibu na Brig na kutokea Iselle, katika Italia, likiiacha Gondo juu bila hata kuisalimu. Miaka minne baadaye, tarehe 23 Septemba 1910, rubani Geo Chavez aliondoka Brig kwa ndege yake dhaifu, akawa mtu wa kwanza kuvuka Milima ya Alpi kwa ndege. Alifika Domodossola, lakini ndege ikavunjika wakati wa kutua, naye akafa siku nne baadaye. Wengine walipita chini ya ardhi, mwingine akapita hewani. Kijiji cha njiani kikaachwa na njia.

Walakini mpaka ulibaki, na mpaka nao una kazi zake. Palikuwa na maofisa wa forodha, na penye forodha hapakosi magendo. Watu walipanda usiku na magunia mgongoni, wakipeleka kahawa na tumbaku Italia kwa vijia vya mbuzi. Siisifu kazi hiyo, kwa maana ni kuvunja sheria. Lakini asiyepata kulala na njaa asiwe mwepesi wa kuwahukumu. Kisha vikaja vita, na vijia hivyo hivyo vikapata heshima. Katika Septemba 1944 wapiganaji wa Italia waliukomboa mji wa Domodossola na bonde lake, wakaunda jamhuri ndogo iliyodumu majuma machache tu. Ilipoangushwa katika Oktoba, maelfu ya wanaume, wanawake na watoto walikimbilia Uswisi, wengine kwa garimoshi kupitia handaki la Simplon, wengine kwa miguu juu ya milima. Kwa watu hao mstari wa mpaka haukuwa kizuizi. Ulikuwa mlango wa uhai.

Sasa nafika kwenye siku ambayo kijiji kilikaribia kufutika. Katikati ya Oktoba 2000 mvua kubwa ilinyesha siku kwa siku juu ya sehemu hiyo ya Alpi. Juu ya nyumba za Gondo palikuwa na ukuta wa saruji uliojengwa kuwalinda watu na mawe yaangukayo kutoka mlimani. Ardhi ikanywa maji mpaka ikashindwa kuyameza. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 14 Oktoba, mteremko ulisukuma ukuta, ukuta ukang'oka, na matope, mawe na saruji vikashuka pamoja juu ya kijiji. Karibu theluthi moja ya kijiji ilichukuliwa. Watu 13 walikufa. Mnara wa Stockalper, uliosimama zaidi ya karne tatu, ulipasuliwa, sehemu yake kubwa ikaenda na matope.

Naona uchungu wa pekee katika habari ya ukuta ule. Ulijengwa kwa nia njema, na kwa kazi yake ya kuzuia mawe ulifaa. Adui aliyekuja alikuwa mwingine. Ngao huelekezwa upande tunaoutazamia mkuki. Ajali hupenda kuja kwa upande mwingine. Kwa hiyo kujilinda si kazi ya kufanywa mara moja na kuachwa, bali ni kukesha na kupima upya.

Mtu mwenye kupenda hesabu angeweza kusema: kwa nini kujenga tena? Wakazi ni wachache, mlima ni ule ule, vijana huvutwa na miji. Fedha zingewapatia wote nyumba nzuri mahali pa salama. Hoja hiyo si ya kipumbavu, nami siwezi kuidharau. Usalama wa watu ni kitu cha kwanza, na kijiji kisichoweza kulindwa hakifai kukaliwa kwa ukaidi tu. Lakini hoja hiyo inahesabu vichwa vya leo na kusahau miguu yote iliyopita jana. Haiwahesabu wenye nyumbu waliopata pa kulala, wala abiria wa magari ya farasi walionusurika na theluji. Kijiji cha njiani kina wadeni wengi wasiojijua.

Bila shaka Waswisi walilihisi deni hilo. Michango ilitoka pande zote za nchi, kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakupata kukanyaga Gondo. Nyumba zilijengwa upya. Sehemu ya mnara iliyosalia iliunganishwa na sehemu mpya, ukafunguliwa tena kuwa nyumba ya wageni, yaani ukarudishiwa kazi ile ile aliyoukusudia mjenzi wake. Magari yangali yakipita, na madereva kutoka Italia husimama kujaza mafuta. Si maisha ya fahari. Ni maisha ya mlinda mlango.

Ninyi vijana mnaosoma kurasa hizi, wengi wenu mtakwenda mijini, na si vibaya. Mtapita mahali padogo pasipo jina kubwa, mkapewa maji, mkaonyeshwa njia, mkaendelea. Siku mtakapopewa madaraka ya kugawa fedha ya umma, mtaletewa karatasi yenye jina la mahali kama hapo na hesabu ndogo ya wakazi mbele yake. Isomeni hesabu hiyo, kwa kuwa hesabu haina budi kusomwa. Kisha ulizeni swali la pili kabla ya kutia sahihi.