Kijimto cha Mama

Msomaji mwenzangu, usinicheke. Mimi ninayejiita mtunzi wa riwaya, miezi mitatu mizima sikuandika kitu. Nilikuwa nalea maua.

Mama alikuwa fundi cherehani hapa Lushoto, akishona mashati ya shule. Kwa vipande vilivyobaki alijitengenezea kijimto cheupe cha kuchomekea pini. Alifariki mwaka 2021. Mwaka 2023 shangazi akaniletea pakiti ya mbegu kutoka Nairobi, na picha yake ikanishtua: ua jeupe, la duara, limejaa vijipini. Kijimto cha Mama kile kile! Pakiti iliandikwa Scabiosa atropurpurea. Asili yake ni nchi za Mediterania, na jina hilo limetokana na neno la Kilatini la upele, maana watu wa zamani walitumia mimea ya jamii hii kuutibu. Jina baya kwa ua zuri, lakini ndiyo hivyo.

Kila mbegu imevaa kola ya utando mkavu, kama kimwavuli. Mwishoni mwa Agosti nikasia. Vikopo nilivikunja kwa karatasi za mswada wangu uliorudishwa na mchapishaji. Sura ya tatu, ile yenye maneno mengi, ilishika maji kuliko zote. Nikafukia kidogo tu, kama milimita 3. Siku ya 12 zikachomoza.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwa mapenzi nikamwagilia asubuhi, mchana, jioni. Miche ikalegea shingoni, ikaanguka mmoja mmoja. Kinyausi, bwana. Kati ya miche 40 ikabaki 11, na nakuambia kweli nililia, mtu mzima, nyuma ya jiko. Msibani sikulia hivyo.

Iliyobaki nikaihamishia kwenye tuta la juani, nikachanganya majivu ya jikoni, maana ua hili halipendi udongo wenye tindikali wala maji yanayotuama. Safari hii nikawa namwagilia pale tu udongo unapokauka. Baba akapita, akatikisa kichwa.

"Maua hayaliwi, mwanangu. Hapo pangekaa kabichi."

Sikumjibu. Tangu msiba, Mama hatajwi nyumbani kwetu. Ningeanzia wapi?

La kwanza lilifunguka mwishoni mwa Novemba, juu ya kikonyo kirefu chembamba, nyuki wakaliona kabla yangu. Nikawa nakata yaliyonyauka ili mengine yatoke. Jumapili moja nikamkuta Baba amechuchumaa kando ya tuta, anagusa vile vijipini kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anaogopa kuchomwa.

"Cherehani ya mama yako," akasema bila kugeuka, "ufunguo wa droo unao wewe?"

Nikaenda kuuleta.