Fundi wa Baiskeli wa Mlandizi

Gurudumu la baiskeli yangu lilianza kuyumba nikiwa Mlandizi, kando ya Barabara ya Morogoro. Fundi aliyekuwa chini ya mwembe aliipindua baiskeli, akagonga spoku moja moja kwa bisibisi huku akisikiliza. Iliyolegea, alisema, sauti yake ni nzito. Mimi, mhadhiri, sikusikia tofauti yoyote.

Alipotafuta chenji katika kopo la viraka, nilikiona kitambulisho chake cha mjasiriamali, kile cha shilingi 20,000 kilichoanza kutolewa Desemba 2018. Serikali ilikuwa imeitambua biashara yake. Vipi ujuzi wake? Nikamuuliza kama ana cheti cha ufundi.

“Cha nini, mwalimu? Gurudumu si limenyooka?”

Mwanawe, aliyekuwa akiziba pancha, hakucheka. Yeye aliulizwa cheti hicho kiwandani, akarudishwa.