Utando wa Kijani Katika Birika Jipya



Katika mwezi wa Ramadhani uliopita niliulizwa swali moja na watu wengi, na karibu kila mmoja aliniuliza kwa kuninong'oneza kana kwamba ni jambo la aibu: Je, maalim, maji yaliyoota utando wa kijani yafaa kutawadhia? Swali lenyewe ni dogo. Lakini katika jamaa yetu hapa Lushoto lilikwisha kuzaa makubwa. Vijana kadha wa kadha walikuwa wakitawadha majumbani mwao, nao wakifika msikitini hulipita birika wakigeuza nyuso. Wawili kati yao walisema waziwazi kwamba sala zote zilizosaliwa kwa udhu wa birika lile zataka kulipwa. Basi mzee aliyetoa mifuko miwili ya saruji kwa pesa za kahawa yake, akaambiwa kuwa sala zake za wiki tatu ni bure, atalala usingizi gani? Ndiyo maana nimeona niandike.

Yafaa kwanza msomaji alijue birika lenyewe. Msikiti wetu uko mtelemkoni, yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na siku za kiangazi mabomba hukauka. Jamaa wakaafikiana wajenge birika la wazi, urefu wake mita 3, upana mita 1 na nusu, na kina sentimita 80, lijazwe kwa mpira kutoka chemchemi ya juu. Hili si jambo geni katika Uislamu wa nchi zetu. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, msikiti mkubwa una kisima chake na birika lake, na mawe magumu ya kusugulia nyayo bado yaonekana. Na katika nyumba za kale za Lamu mabirika yalitiwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya maji mliwekwa bakuli za kaure ili samaki wapate pa kukaa maji yapunguapo. Sisi bakuli za kaure hatunazo. Samaki tuliwapata: perege kumi na wawili wa kidole, walioletwa kutoka bondeni Korogwe katika ndoo. (Iko aina ya perege ambayo wataalamu waliipa jina la Korogwe hasa, mwaka 1955, na wenyeji wa huko hawakosi kukuambia.) Kabla ya kuwatia, birika lilijazwa na kumwagwa mara tatu, kwa kuwa saruji mpya hutoa chokaa, na chokaa huua samaki.

Maji yakakaa tangu mwanzo wa Shaabani. Kiasi cha siku kumi ukuta uliokuwa mweupe ukavaa vumbi la hudhurungi, kama unga wa kahawa, ambalo ukilipitisha kidole huondoka. Halafu likaja la kijani, nalo halikuondoka kwa kidole. Katika wiki ya tatu mzee mmoja aliteleza kidatoni akavunjika mkono. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Ama kwa upande wa sharia, jambo hili wanavyuoni wetu walikwisha kulimaliza zamani. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, katika kitabu chake cha Minhaj ameutaja utando huu kwa jina lake la Kiarabu, tuhlub, akauweka pamoja na udongo, na kukaa kwa maji muda mrefu, na vile vilivyomo katika makazi ya maji na mapito yake: yote hayo yakiyageuza maji hayadhuru. Na sababu yake yaeleweka hata kwa mtoto wa chuoni. Kitu kiotacho ndani ya maji chenyewe, ambacho ni taabu kuyalinda maji nacho, hakiyaondolei maji jina la maji. Mafakihi wakaongeza pambanuo moja zuri, nami napenda vijana walishike: utando huo huo ukichukuliwa, ukapondwa, ukatiwa majini kwa makusudi hata ukayageuza mno, hukumu yake hubadilika, kwa sababu sasa ni kitu kilichochanganywa na mkono wa mtu.

Wengine walishika habari ya mavi ya samaki. Hayo nayo yamesamehewa maadamu hayakuyageuza maji. Na wengine wakataja kulla mbili. Vema. Kipimo mashuhuri cha kulla mbili katika madhehebu yetu ya Shafii ni chombo cha dhiraa moja na robo kwa urefu, upana na kina, ambacho ni kama lita 216. Birika letu likijaa huchukua lita 3,600. Maji mengi kama hayo hayanajisiki ila kwa najisi iliyoyageuza rangi, au ladha, au harufu. Na utando wa kijani si najisi. Basi sala za wazee ni sahihi, inshallah, wala hapana cha kulipa.

Lakini msomaji asichanganye tohara na afya. Maji yanayofaa kutawadhia si lazima yafae kunywewa, na watoto wetu wasikinge viganja wakanywa birikani. Iko pia namna ya utando inayoelea juu kama rangi ya kupakia nyumba, ya buluu na kijani, yenye harufu mbaya. Hiyo yaweza kuwa na sumu. Ikionekana hiyo, maji yamwagwe yote, wala asiyasukutue mtu.

Ilibaki kujua utando watoka wapi. Hapa nilisaidiwa na mtu nisiyemtarajia. Mpwa wangu yuko Muscat, kwa tajiri mmoja mwenye sanduku kubwa la kioo ukumbini, lenye maji ya bahari, samaki wa rangi rangi, na matumbawe yaliyo hai. Ni jipya, na kulitunza ndiyo kazi yake. Ilisadifu kwamba katika mwezi ule ule naye alikuwa taabuni. Alinipigia simu baada ya tarawehe: "Shikamoo, mjomba. Niombee dua. Kioo kimeota kijani, hata samaki hawaonekani sawasawa, na bwana amesema kisipotakata kabla ya wageni wa Idi atanirudisha nyumbani." Nyumbani ni Mlalo, kwa mama mjane na wadogo zake wanne wasomao kwa mshahara ule.

Nikamwambia kwamba nasi tuna kijani chetu. Tukawa tukiongea kila usiku, yeye akinieleza aliyofundishwa na fundi wa vioo, nami nikiyapima kwa birika. Ajabu ni kwamba habari ilikuwa moja. Kwake pia hudhurungi ilitangulia. Hiyo hula madini ya mchanga yaliyoyeyuka katika maji mapya, na yakipungua nayo hupungua. Kisha kijani hushika zamu. Kijani ni mmea, na kama mmea wowote wataka mwanga na mbolea. Na mbolea yake katika maji ni mavi ya samaki na chakula kilichobaki kikaoza. Katika maji ya siku nyingi wamo vijidudu vyema visivyoonekana kwa macho, ambavyo huigeuza sumu ya uozo huo hatua kwa hatua ikawa kitu kisichoua samaki. Chombo kipya hakina jeshi hilo. Lahitaji wiki nyingi kuingia na kutulia, na katika wiki hizo rangi hubadilika karibu kila siku.

Yeye hawezi kuzima taa kabisa, kwa sababu tumbawe nalo limebeba mimea midogo ndani ya mwili wake, na hulishwa nayo. Ukilinyima mwanga lafa njaa. Kwa hiyo alipunguza: saa nane za taa badala ya kumi na tatu. Akaacha kutia maji ya bomba, akatia yaliyochujwa kwa chujio jembamba sana. Akalisha samaki kidogo mara moja kwa siku. Na kioo akakisugua kila asubuhi kwa sumaku mbili, moja ndani, moja nje, moja ikimfuata mwenzake.

Konokono pia alitia, wale wa baharini walao utando. Hilo mimi nililikataa kwa birika, nami nawaonya wengine: konokono wa maji baridi wako wanaobeba kichocho, na mtu atiaye miguu humo kila sala hatakiwi kukaa nao.

Kwetu mbolea tuliiona bila darubini. Kila jioni watoto walikuwa wakiwamwagia perege makombo ya futari: mihogo, tambi, hata uji. Perege kumi na wawili wadogo hawawezi kumaliza futari ya mtaa. Na chemchemi yetu iko chini ya bustani ya kabichi na viazi, yenye samadi na mbolea ya dukani. Kisimani hapakuwa na kifuniko, mvua ikinyesha kila kitu hutiririka humo. Mwenye bustani ni mtu wa jamaa yetu, husimama safu ya kwanza. Kumwendea hakukuwa kwepesi. Watu wa milima hii hawapendi kuamriwa juu ya mashamba yao. Wazee wetu waliyakataa matuta ya Waingereza miaka ile ya 1950, na masimulizi yake bado yako vinywani.

Kabla hatujamwendea, kijana mmoja mkulima alikuja Alkhamisi na mfuko wa mrututu. Akasema gramu chache tu na kijani chote kitakufa. Alisema kweli. Lakini shaba iliyomo katika mrututu huua samaki vilevile, na katika maji laini kama haya ya milimani huua kwa upesi zaidi. Utando uliokufa nao huoza, ukayanyang'anya maji hewa. Tena mrututu ni kitu kinachotiwa na mkono, na ukiyageuza maji tumejitafutia wenyewe swali la sharia ambalo hatukuwa nalo. Nilimpigia mpwa wangu mbele ya watu, na sauti yake ilisikika kwa wote: shaba ikiingia katika kioo chake, konokono, kamba na matumbawe yote hufa. Kijana akaufunga mfuko wake, hakununa.

Basi tulifanya haya. Nguzo nne za mianzi na mabati ya zamani yakatiwa kivuli upande wa jua la mchana. Makombo yakapigwa marufuku. Kuta na vidato vikasuguliwa kwa madodoki, bila sabuni, na kilichobanduka kikachotwa kwa kitambaa. Mtu mmoja alileta chandarua kikuukuu cha kuchotea, tukamrudishia: vyandarua vya siku hizi vina dawa, nayo ni sumu kwa samaki. Na mwenye bustani, tulipomkalisha baada ya Isha, alisema maneno mawili tu, kwamba tungalimwambia mapema. Akachimba mfereji mwenyewe juu ya chemchemi, akapanda majani ya guatemala ukingoni, nasi tukanunua kifuniko.

Katika nusu ya Shawwali kuta zilikuwa zimebaki na rangi hafifu tu, nayo perege waiparura kutwa. Vidato havitelezi, kwa kuwa husuguliwa kila siku. Yule mzee mkono umeunga, ingawa hainui ndoo. Kati ya wale vijana wawili, mmoja amerudi birikani. Mwenzake bado hutawadha kwa pipa la mvua la kwao, ambalo nililitazama juzi nikaona ndani yake kijani kushinda chetu. Sikumwambia kitu, nilicheka njia nzima.

Mpwa wangu kioo chake hakikutakata kabla ya Idi. Kilitakata siku kumi baadaye, na wageni walipokuja bwana aliwaeleza mwenyewe kwamba chombo ni kipya. Hajarudishwa. Sasa hunitumia picha za madoa ya zambarau yaliyoanza kuota juu ya mawe, ambayo ni mwani mgumu kama chokaa, na mafundi huyafurahia.

Zamu ya kusugua ya Alkhamisi hii ni ya watoto wa Juzuu Amma, na madodoki yao yamekwisha anikwa ukutani.