Petroli Yenye Maji
Kutoka Mutanga Nord, mtaa ulio mwinukoni jijini Bujumbura, Ziwa Tanganyika huonekana tulivu. Jumapili moja ya mwaka 2024, wakati wa uhaba wa petroli, niliteremka kupanda motaboti kuukuu ya jirani yangu. Mbali na ufuko mashine ilikohoa, ikazimika. Tukarudi kwa kasia, upepo ukitupinga. Nchi kavu, jirani alimimina petroli ya dumu katika chupa ya kioo: ilipotulia, maji yalijitenga chini, kwa kuwa ni mazito zaidi. Tulikausha tangi na kabureta, tukabadilisha chujio. Uchafu ule hatukuumwaga ziwani, maana jiji hunywa humo. Ndugu msomaji, ipime petroli kabla ya kung'oa nanga.